Sukari ya Ng'ombe

Mimi ni Etyang wa Mella, dalali wa ng'ombe, na kabla hujaanza kucheka, nisikilize kwanza. Miaka ishirini na sita nimesimama mnadani, na hakuna mtu kutoka Tororo mpaka Busia atakayekuambia kwamba Etyang alidanganywa juu ya ng'ombe. Sihitaji hata kumtazama. Nifunge macho kwa kitambaa, niletee fahali, niweke kiganja ubavuni, nipapase polepole mpaka kwenye nundu, halafu nitakuambia ametoka zizi gani, alikonda mwezi upi, na kama anayemuuza ndiye mwenyewe au ni mwizi. Osinya, ambaye naye anajiita dalali, huangalia meno. Meno! Hata mimi ninayo meno.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Mungu aliona amfanyie mzaha.

Mzaha wenyewe ulianza Januari, siku Wasamia, jirani zetu wa ziwani, walipokuja kumposa binti yangu Peace. Sitaficha, sikuwataka. Peace ni mwalimu, ana akili kuliko mimi na mama yake tukiunganishwa, na kati ya wanaume wote walioko duniani alikwenda kumchagua Egesa, mwuza samaki wa Majanji, kijana anayenukia kazi yake mpaka kanisani. Najua, hata mimi nanukia ng'ombe. Lakini hiyo ni harufu ya heshima. Isitoshe, Wasamia nilikuwa nawajua. Mwaka uliotangulia, Msamia mmoja aliniuzia pikipiki pale mpakani Busia, na wiki haikuisha polisi wakaichukua, kumbe ilikuwa ya wizi. Tangu siku hiyo nikawajua wote.

"Wote?" mke wangu Alungat aliniuliza. "Ulikutana nao wote?"

"Mmoja anatosha, Mama Peace."

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Sasa, ukoo wetu una desturi moja. Wakwe wakija na fahali, anachinjwa siku hiyo hiyo, na baba wa binti ndiye anayekula kwanza, tena anakula nundu. Anakaa peke yake mbele ya watu wote, anakatiwa nundu iliyochomwa, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye viwiko, na mpaka aseme ameshiba, hakuna mwingine anayegusa nyama. Hapo ndipo wakwe wanajua wamepokelewa. Fahali wa Egesa nilimpapasa mwenyewe asubuhi ile, nikatafuta kasoro kwa bidii zangu zote. Sikuipata. Nikaudhika sana. Saa sita mchana nikaketi, nikala nundu ya watu nisiowataka, na nilikula nyingi, maana kutowataka wakwe ni jambo moja na nundu ni jambo jingine.

Saa kumi, wazee wakiwa wameshazunguka chungu cha pombe ya ajon, kila mtu na mrija wake mdomoni, mama yake Egesa akanijia. Jina lake Taaka, mjane mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyemsomesha mwanawe kwa samaki wa kukaanga. Alibeba bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe. Akapiga magoti.

"Mulembe, Baba Peace. Nimekuletea ngege wa kwetu. Nimekaanga mwenyewe alfajiri."

Mimi samaki sikuwa nimekula maisha yangu yote. Baba yangu hakula, babu yangu hakula. Kiumbe kisicho na miguu sina imani nacho. Lakini Mama Peace alinikata jicho, lile jicho lake, nikameza matonge mawili huku nikitabasamu kwa taabu.

Nusu saa haikupita. Viganja vikaanza kuniwasha, halafu nyayo, halafu tumbo likajifunga. Ngozi ikavimba mabaka mabaka, midomo ikawa mikubwa mpaka nikaiona mwenyewe nilipotazama chini. Pumzi ikaanza kupiga filimbi. Kabla ulimi haujajaa mdomoni nilipata nafasi ya maneno mawili tu, na Mungu anisamehe, niliyatumia hivi:

"Wasamia wameniua!"

Ebo! Chungu kilipinduliwa, wanawake wakapiga mayowe, na Osinya, ambaye hajawahi kunipenda hata siku moja, siku hiyo akawa ndugu yangu wa damu. "Aliyepika ale!" akapaza sauti. "Wewe mama, kula! Kula yote, sisi tunaona!" Egesa akataka kuruka, mjomba wake Mugeni akamshika mkono. Watu wote wakamgeukia Taaka, na Taaka akanigeukia mimi. Nilijua anangoja nini. Alikuwa anangoja niseme hapana, au nipunge mkono tu.

Nikaitikia kwa kichwa: ale.

Basi yule mama akaketi chini vumbini, akala bakuli zima, samaki mmoja baada ya mwingine, miiba akiitoa kwa vidole, machozi yakimdondokea mumo humo bakulini, na watu kama mia wamemzunguka wakimtazama koo. Hakuvimba hata ukucha. Unafikiri walimwamini? Walisema amekunywa dawa ya kukinga kabla hajavuka kuja kwetu.

Mimi nilipona hospitalini, kwa sindano na maji ya mshipa. Uchumba haukupona. Mugeni alituma neno kwamba ukoo wao hautarudi kwenye boma ambako mwanamke wao alilishwa vumbini kama mbwa. Na kule Majanji, wachuuzi waliokuwa wakichukua samaki kwa Taaka wakahamia kwa wengine, polepole, bila ugomvi, kila mmoja na sababu yake. Peace hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniwekea sahani mezani, akasema "Karibu chakula, Papa," akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Hivyo kila siku.

Mimi nilisema moyoni, afadhali. Nimemwokoa mtoto wangu.

Ikafika Machi. Siku ya mnada nilikula nyama choma na wachinjaji saa tano asubuhi, nikauza madume manne vizuri kabisa, na saa tisa nikaanguka nyuma ya lori. Viganja, nyayo, tumbo, filimbi, vyote kama Januari. Nikiwa pale chini, nikigeuza macho, nilimtafuta Msamia. Nakuapia, nilimtafuta kwa moyo wote. Hapakuwa na Msamia, wala samaki, hata wa mkebe.

Nilipopata nafuu nilikwenda kwa Amoit, binti wa ndugu yangu, anayefanya kazi maabara ya kliniki moja upande wa Kenya, Busia. Amoit ananiita Papa kama Peace anavyoniita, ila yeye hana adabu ya kunyamaza. Aliniuliza nimekula nini na saa ngapi, akaniuliza kama niliwahi kuwashwa kabla ya Januari. Nikamwambia ndiyo, jioni jioni baada ya mnada, lakini ile ilikuwa sabuni ya Mama Peace. Nilishambadilishia sabuni mara tatu.

"Na kupe?" akauliza.

"Kupe wamefanya nini?"

"Wanakuuma?"

Nikacheka. Dalali gani haumwi na kupe? Nawatoa miguuni kwa kucha nikiwa naendelea kupatana bei. Ila yule wa mwaka jana, aliyejificha kwenye paja, alinifanyia kidonda kilichowasha wiki tatu. Amoit akaandika, akachukua damu yangu, ikapelekwa Nairobi. Baada ya wiki mbili akaniita, akafunga mlango, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezuia kicheko kwa nguvu.

"Papa, una aleji ya ng'ombe."

"Ya nini?"

"Ng'ombe. Na mbuzi, na kondoo, na nguruwe. Lakini wewe hasa ni ng'ombe."

Nikasimama niondoke. Akanishika koti.

"Kaa. Sikiliza. Wewe mnadani unafanyaje? Unafumba macho unapapasa, si ndiyo? Sasa, mwili wako nao una askari, hizi seli za kinga. Hazina macho. Kila seli ya kila mnyama imefunikwa sukari kwa nje. Si sukari ya chai, ni vinyororo vidogo vidogo vimesimama juu ya ngozi ya seli kama manyoya. Askari wako wana vipokezi vya kupapasia. Wanapita mwilini siku nzima wakipapasa vile vinyororo: huyu wetu, pita, huyu wetu, pita, huyu si wetu, kamata. Ni kazi yako kabisa, Papa. Umezaliwa nayo mpaka ndani."

Hapo alinipata kidogo. Nikakaa.

"Ng'ombe ana sukari moja ambayo binadamu hana," akaendelea. "Babu zetu wa zamani sana, kabla hawajaitwa hata watu, waliipoteza. Samaki hana. Kuku hana. Ukiila kwa mdomo, kawaida mwili hausumbuki, ni chakula. Lakini kupe ana sukari hiyo hiyo kwenye mate yake. Yule wa pajani alikudunga nayo moja kwa moja kwenye ngozi, mahali pa mwizi, si mahali pa mgeni. Mwili ukashtuka. Ukatengeneza kingamwili za kuitambua sukari hiyo tu, ukazipachika juu ya seli zilizojaa dawa ya kuwasha na kuvimbisha, zikakaa zinangoja. Sasa ukila nundu, sukari inafika, inapapaswa, inatambuliwa, na seli zinapasuka zote mara moja."

"Kupe mmoja?"

"Mmoja anatosha."

Nilimtazama kama ananitania, lakini hakujua alichosema.

"Na kwa nini siumwi pale pale nikila?"

"Kwa sababu inakuja na mafuta. Mafuta yanachelewa kuingia kwenye damu, saa tatu, nne, tano. Na mafuta ndiyo mabaya kuliko nyama yenyewe. Ile nundu ya saa sita ilikufikia saa kumi na nusu." Uso ukambadilika. "Papa, samaki wa yule mama hawakuwa na kitu."

Sijui kama umewahi kuambiwa jambo ukaona aibu na hasira vinakuja pamoja, na hasira ikafika kwanza. Nilimwambia Amoit kwamba akifungua mdomo, mimi na yeye basi. Dalali anayekataliwa na ng'ombe! Nani ataniletea fahali? Osinya atatunga wimbo. Watoto watanifuata njiani wakiniuliza kama naweza kukaa karibu na kibuyu cha maziwa, ambayo, kwa taarifa yako, hayanidhuru.

"Na yule mama?" Amoit akauliza.

"Yule mama nitashughulikia."

"Lini?"

"Nimesema nitashughulikia!"

Akanipa vidonge, akaniambia nivae gambuti nikiingia zizini, na kwamba nyama ya ng'ombe isiguse ulimi wangu tena. Nikarudi Mella nikitafuta uongo wa kufaa. Niliupata nikiwa njiani, tena mzuri. Nilimwambia Mama Peace kwamba nimeweka nadhiri: sitakula nyama mpaka Mungu anionyeshe njia.

Uongo ule ulistawi kuliko mtama. Katekista Okware aliutangaza kanisani. Watu waliokuwa wakinijua kwa matusi ya mnadani wakaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Juni nikafanywa mjumbe wa kamati ya kanisa, nikakaa kiti cha mbele nikiwa nimenyoosha uso. Mama Peace peke yake alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu ameishi nami miaka thelathini na hajawahi kuona Mungu akinionyesha kitu.

Jioni moja Peace hakuingia chumbani. Alikaa mezani, mkabala nami, akanitazama nikila maharagwe.

"Papa, hii nadhiri," akasema. "Ni kwa sababu ya mama yake Egesa? Unajutia?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilipaona kabisa, peupe.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Najutia."

Akalia, akashika mkono wangu, mara ya kwanza tangu Januari. Nilijisikia vizuri sana, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, jinsi nilivyojisikia vizuri.

Wiki iliyofuata Peace alikwenda Majanji mwenyewe, akapiga magoti kwa Mugeni, akamwambia baba yake ametubu. Mugeni si mtu wa kulainishwa na machozi. Akatoa sharti: Etyang ale samaki kutoka mikononi mwa Taaka, mbele ya watu wale wale, boma lile lile, na akae hapo mpaka jua litue, watu wamwone mzima. Akikataa, au akianguka, mambo ya Egesa na Peace yamekwisha kabisa, na wao watamtafutia kijana wao mke kwingine.

Nilikubali kabla Peace hajamaliza kusema. Mbona nisikubali? Samaki hana sukari ile! Nilikuwa naenda kumpata binti yangu, na heshima yangu, na siri yangu, vyote kwa sahani moja. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa wilaya mbili.

Siku ikafika, Jumamosi ya Agosti. Watu walikuwa wengi kuliko Januari. Hakuna anayekosa mahali ambapo mtu anaweza kufa. Osinya alikaa mbele kabisa. Amoit alivuka kutoka Busia na mkoba wake wa kazi. Saa saba mchana Taaka akaja na bakuli lile lile na kitambaa kile kile cheupe. Alikuwa amekonda zaidi. Alipiga magoti, akafungua.

Nikala. Jamani, nikala! Nilichukua ngege mzima kwa mikono, nikanyonya miiba, nikalamba vidole kimoja kimoja kila mtu aone. Tena sitasema uongo, alikuwa mtamu ajabu. Mtamu kwa namna niliyoijua, sikukumbuka tu niliijulia wapi. Nikamaliza wawili, nikaacha mmoja bakulini kwa adabu, nikapiga mbweu. Watu wakapiga makofi. Peace alikuwa amesimama karibu na Egesa, amejishika mdomo.

Saa nane Taaka alikuja kunitilia maji ya kunawa, na sasa alikuwa anatabasamu.

"Baba Peace, umekula vizuri."

"Mama, sijawahi kula samaki kama huyu."

"Nilijua," akasema, kwa sauti yake ya chini. "Nilimwuliza Peace juu ya nadhiri yako. Akaniambia nyama huli, lakini maziwa unakunywa. Nikasema, mtu wa ng'ombe, miezi mitano bila ladha ya ng'ombe, huyo anateseka. Nadhiri ni ya nyama, mafuta si nyama. Basi nilinunua mafuta ya nundu kwa mchinjaji, nikakukaangia nayo. Nilitaka ujisikie nyumbani."

Maji yalikuwa yanatiririka mikononi mwangu na sikuyahisi.

Nilimtafuta Amoit kwa macho, nikamwendea, nikamnong'oneza habari ya mafuta. Akavuta pumzi. "Meza hivi vidonge. Sasa hivi twende hospitali, Papa."

"Nikiondoka watasema sumu."

"Ukibaki ukaanguka watasema nini?"

Nikameza vidonge, nikarudi kwenye kiti changu, nikahesabu. Saa saba, jumlisha nne, kumi na moja. Jua linatua saa kumi na mbili na nusu. Labda mafuta yalikuwa kidogo. Labda vidonge vitashika. Nikakaa nimetabasamu, watu wakinipongeza, na ndani ya mwili wangu askari vipofu wakipapasa, wakipapasa. Niliogopa, nakuambia wazi. Niliogopa kufa, halafu nikaogopa kicheko, na sikujua ni kipi kinanitisha zaidi.

Saa kumi na nusu kiganja cha kulia kikaanza.

Nilikifungia ngumi. Nikakisugua kwenye goti, taratibu. Lakini Osinya, mtazama meno, hakuwa ameondoa macho kwangu tangu saa saba.

"Anajikuna!" akaruka juu. "Etyang anajikuna! Tazama shingo yake!"

Watu wote, kama wamevutwa na kamba moja, wakamgeukia Taaka. Taaka akanitazama, akatazama watu, tabasamu likamtoka usoni. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Bila kuambiwa na mtu, akalivuta bakuli lile lenye samaki mmoja, akaketi chini vumbini, pale pale alipoketi Januari, akanyoosha mkono aanze kula.

"Mama, simama!" nikapiga kelele. "Simama, nakuomba! Hujafanya kitu. Ni ng'ombe! Mimi, Etyang, ng'ombe wamenikataa. Ni ugonjwa, Amoit ana karatasi. Kupe aliniuma, sasa mwili wangu hautaki nyama wala mafuta. Januari ilikuwa ile nundu. Samaki wako hakuwa na kosa. Hakuna nadhiri, nilidanganya, hata Mungu nilimdanganya!"

Kisha Osinya akacheka, akacheka mpaka akaanguka na kiti chake, na boma lote likamfuata, wazee, watoto, katekista Okware amejishika mbavu. Kicheko chote nilichokiogopa miezi mitano kilikuja siku hiyo, na unajua nini? Hakikuuma. Mbu ana nguvu kuliko hicho.

Kilichouma ni Peace. Yeye hakucheka.

"Papa, ulijua lini?"

Nilikuwa nimeanza kupiga filimbi kifuani. Ningeweza kujifanya siwezi kusema.

"Machi," nikasema.

Akahesabu. Nilimwona akihesabu, mwalimu yule: Aprili, Mei, Juni, Julai. Egesa naye alihesabu. Taaka hakuhesabu. Alikuwa amesimama akijipangusa vumbi kwenye gauni, polepole, kana kwamba hakuna mtu.

Amoit akanidunga sindano pajani, juu ya suruali, wakanibeba. Gari lililokuwa karibu lilikuwa la Egesa, lile la samaki, na masanduku ya barafu nyuma. Wakanilaza kati ya masanduku. Harufu, ewe! Taaka akapanda, akakaa juu ya sanduku, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka kikaniuma.

"Usife," akaniambia, na sauti yake haikuwa ya chini tena. "Unanisikia, wewe mwanamume? Usithubutu kufa. Ukifa leo watasema ni mimi."

Peace alikaa upande wa pili. Hakunishika.

Hospitalini nesi alikuja na faili. Ulimi wangu ulikuwa umeshajaa mdomoni, macho yamebaki nyufa.

"Amekula nini? Nani anajua alichokula?"

"Mimi," Taaka akasema. "Mimi ndiye niliyempikia."

Benchi zima la wagonjwa likageuka. Nikaona wanavyomtazama. Nilitaka kusema, ee Mungu, nilitaka kusema. Miezi mitano ulimi ulikuwa mwepesi, ukiimba hata nyimbo za kanisani, na sasa haukusogea. Basi nikainua mkono, nikajipiga kifuani. Nikajipiga tena. Mimi. Mimi.

"Kifua kinamuuma," nesi akasema, akaanza kuandika.

"Hapana, sista," Peace akasema. Alikuwa amesogea, amesimama kichwani pangu, na alikuwa analia. "Kifua hakimuumi. Anasema ni yeye."

"Ni yeye nini?"

"Ni yeye mwenye makosa. Si huyu mama."

Nesi akasimamisha kalamu, akatutazama mmoja mmoja. "Sasa hilo niliandike wapi?"

"Popote penye nafasi," Taaka akasema. "Liandike. Na hapo penye jamaa wa mgonjwa, andika Taaka, wa Majanji."

"Wewe ni nani wake?"

Taaka alimtazama Peace kwanza, halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayepatana bei akijua amepunjwa.

"Mkwe wake," akasema. "Nifanyeje?"